Kiti Kilichotolewa kwa Imani

Nilimkuta mume wangu sakafuni. Alikuwa amelala kifudifudi kati ya kitanda na mlango, shavu moja limegandamana na saruji, mkojo umekauka chini yake. Nilitupa mfuko nikapiga magoti. Nilidhani amekufa. Kisha akafungua jicho moja akasema, "Umechelewa leo," kama mtu tuliyepatana naye kukutana kituoni, nami nikajua yuko hai na nikapata nafasi ya kukasirika.

"Kiti kiko wapi?"

Kumwinua mwanamume aliyebeba matofali maisha yake yote si mchezo, hata akikonda. Nilimshika chini ya makwapa nikamvuta, nikampumzisha, nikamvuta tena, mpaka mgongo wake ukaegemea kitanda. Paji la uso lilikuwa limevimba upande mmoja. Nililowesha kitambaa nikamkanda, naye akawa anatazama ukutani.

"Fundi, nakuuliza. Kiti kiko wapi?"

"Dada alikuja asubuhi na wenzake wa maombi. Wamekitoa."

"Wamekitoa wakakipeleka wapi? Kimeharibika gurudumu?"

"Wamekitoa kwa imani."

Niliacha kumkanda. Nilimtazama mtu huyu niliyeolewa naye, fundi mwashi ambaye hakuwahi kumwamini muuza saruji hata mmoja bila kuchovya kidole kwenye mfuko, nikamsubiri aseme kwamba anatania. Hakuwa anatania.

"Na wewe ukakubali?"

"Aliniuliza kama naamini au siamini," akasema. "Ulitaka nijibu nini, mke wangu?"

"Na jirani? Si huwa anakuchungulia mchana?"

"Walimwambia asije. Walisema leo niachwe peke yangu na Mungu."

Basi hapo yalinifika shingoni. Nilimsafisha, nikambadilisha nguo, nikamlaza ubavu kama muuguzi alivyotufundisha, nikampa chai na mkate. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Nilijaribu kusimama," akasema. "Nilijaribu kwa moyo wangu wote."

Ingekuwa heri asingeniambia hilo.

Mume wangu alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao akipiga lipu ukuta wa ghorofa. Hospitali walimpiga picha za mgongo, na daktari akazitazama kwenye mwanga, akazigeuza, akazitazama tena, kisha akatuambia, "Hatujui." Huenda akatembea, huenda asitembee. Ningeambiwa hatatembea, ningelia nikamaliza. Ningeambiwa atatembea, ningejikaza nikangoja. Lakini hilo neno "hatujui" halimezeki wala halitemeki. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekwenda nalo kazini kwenye kiwanda cha kufulia, nikilipigia pasi pamoja na mashuka ya hoteli, na mvuke ukiniunguza vidole.

Kiti cha magurudumu tulikipata baada ya kuhangaika sana, na kilikuwa ndicho kitu pekee kilichokwenda vizuri. Muuguzi alituonya kwamba akishinda amelala tu atapata vidonda, na vidonda vya mgongo huua watu. Kwa kile kiti aliweza kukaa dirishani. Aliweza kufika kibarazani akabishana na wapita njia kuhusu mpira. Alianza hata kuwasimamia kwa mdomo vijana waliokuwa wakijenga uzio wa jirani, na wale vijana wakajuta kumjua.

Nami sikuwa nasali tena. Nilikuwa nakwenda kanisani, nakaa palepale ninapokaa siku zote, nafumba macho wakifumba, nasema amina wakisema. Midomo tu. Moyoni nilikuwa nimemfungia Mungu mlango, na sikutaka hata abishe hodi. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wifi yangu?

Huyo wifi, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye kiongozi wa maombi kanisani kwetu. Mwenyewe hujiita jeshi la Bwana, sisi tukalifupisha tukamwita Jeshi, naye akalipenda jina. Ana saluni barabara ya pili kutoka kwetu. Nilimkuta anamsuka mteja, nusu ya kichwa imekwisha, nusu nyingine imesimama ovyo.

"Bwana asifiwe, wifi," akasema bila kugeuka.

"Asifiwe, lakini wewe usinisalimie. Kiti kiko wapi?"

Mteja akajaribu kugeuka aone. Jeshi akamrudisha kichwa. "Tulia hivyohivyo, dada, nisije nikakupinda njia." Kisha akaniambia, "Keti kwanza, unywe maji."

"Sina kiu. Nimemwokota mdogo wako sakafuni."

Mikono yake ikasimama. Akanigeukia, na macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Alisimama?"

Hilo ndilo alilouliza. Hakuuliza ameumia wapi.

"Alianguka, wifi."

"Lakini kabla ya kuanguka. Alisimama kidogo?"

Nilishika ukingo wa meza yenye vitana na mafuta ya nywele, maana mkono wangu ulikuwa unataka kwenda mahali pengine. Nilimwambia amelala kwenye mkojo wake kutwa nzima. Nilimwambia ana nundu usoni. Nilimtolea uvivu kwelikweli, nikamkumbusha na mambo ya harusi yangu ambayo hayakuhusika kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hilo nalo lilinikera, maana mtu mwenye haki ya kukasirika hukasirika, lakini yeye alikuwa ananihurumia.

"Wifi," akasema, "Mungu atampa miguu vipi wakati ninyi mmeshamwekea magurudumu? Kile kiti kilikuwa kinasema badala yenu. Kila akikikalia kinasema hatapona, hatapona."

"Kiti hakisemi. Kiti kinakaliwa."

Mteja akakohoa, na ninajua kikohozi kile kilikuwa cheko.

"Tumefunga," Jeshi akaendelea. "Tumelia mbele za Bwana. Kama jibu halijaja, basi katika nyumba ile kuna mtu mwenye mashaka. Simtaji."

"Nitaje."

"Sitaki maneno mbele ya mteja."

"Mimi msinijali," mteja akasema.

Hapo ndipo nikaambiwa yote. Kiti kilikuwa kimepewa bibi mmoja nyuma ya soko, aliyekatwa mguu. Na Jumapili hiyo, kwenye ibada ya shukrani, mume wangu angeletwa mpaka mlango wa kanisa, wamsimamishe, atembee kwa miguu yake hadi madhabahuni huku watu wakipiga makofi. Mchungaji alikuwa ameshaambiwa. Kwaya ilikuwa imeshachagua wimbo.

"Na asipotembea?" nikauliza.

"Hapo sasa ndipo unapokosea," Jeshi akasema, akaurudia msuko wake.

Nilikwenda nyuma ya soko nikiwa nimekunja mikono ya blauzi kama mwanamke anayekwenda kupigana. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Bibi atalia, nami nitamwambia pole, nitakikunja kiti, nitaondoka. Kwani mimi ndiye niliyemkata mguu?

Kile chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chetu katikati ya sakafu, kitenge kimefunika paja lililoishia gotini, na alikuwa anajisukuma mbele hatua moja, nyuma hatua moja, mbele, nyuma. Chumba hakikumruhusu zaidi. Mlangoni palikuwa na kizingiti kirefu ambacho hakuweza kukivuka peke yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umetumwa kunisukuma?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kuchukua kiti. Ni cha mume wangu, kilitolewa bila mimi kujua. Yeye hana miguu. Yaani anayo, lakini haifanyi kazi."

Alisimamisha magurudumu. Nilingoja machozi. Badala yake alinitazama kuanzia kwenye viatu kupanda juu, polepole, kama anayekagua samaki.

"Nilimwomba Mungu kiti," akasema. "Nimemwomba tangu mguu ulipotoka. Leo asubuhi wamekuja wanawake wanaimba, wameniletea. Nikamwambia, Mungu, leo umejitahidi. Kumbe ni cha wizi."

Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kelele. Maombi ya huyu bibi yamejibiwa kwa kiti cha mume wangu. Ndivyo unavyofanya kazi wewe, Mungu? Unatoa kwa huyu unampa yule, kisha wote wawili waimbe haleluya? Hasira niliyokuwa nayo kwa Jeshi ilimwacha Jeshi ikapanda juu kwa mwenyewe.

"Bibi, samahani," nikasema. "Lakini siwezi kukiacha."

"Sijasema ukiache. Mtu wako yuko kitandani, utakiachaje? Lakini nivushe kwanza hicho kizingiti unipeleke mpaka barabarani. Ukishanipeleka, chukua."

Nilimvusha. Nilimsukuma kwenye uchochoro, nikipita ndoo na kamba za nguo, mpaka tukatokea barabarani penye maduka. Akakaa anatazama. Mwanamume mmoja alikuwa anapakia magunia kwenye lori. Watoto wa shule walikuwa wanarudi nyumbani. Hakusema jambo lolote la maana. Alisema duka la viatu limepakwa rangi mbaya, na kwamba yule wa magunia atajiumiza kiuno.

"Wewe ni mtu wa maombi?" akaniuliza bila kunitazama.

"Nilikuwa."

"Umeacha?"

"Nimekasirika naye, bibi." Ndiyo mara ya kwanza nililisema, na nililisema kwa mtu niliyekuwa namnyang'anya. "Nimekasirika kiasi kwamba nikifumba macho naona ukuta."

"Mimi nina hasira naye tangu siku ya kisu," akasema. "Tunagombana kila asubuhi. Namwambia ukweli wake wote, simfichi."

"Na bado unasali?"

Sasa alinigeukia, amekunja uso, kama nimeuliza swali la kipumbavu.

"Nitagombana naye vipi bila kusali?"

Nilimrudisha ndani, nikambeba kutoka kwenye kiti mpaka kitandani. Alikuwa mwepesi na alinukia sabuni. Nilipokuwa nakikunja kile kiti akasema, "Usije ukamwambia nimekirudisha kwa hiari. Nimenyang'anywa. Na kesho asubuhi atanisikia."

Nilikisukuma kiti kitupu njia nzima. Nilianza kwa kunong'ona. Nikasema, unanisikia? Halafu sauti ikapanda, nikasema wewe ndiye uliyemwona akianguka, ulikuwa wapi mkono wako, ule unaoimbwa kila Jumapili? Nikasema kama unataka kumponya mponye, kama hutaki sema, lakini acha kuniweka mlangoni kama mwombaji. Nikasema na yule bibi je, umempa kiti asubuhi umemnyang'anya jioni, tena kwa mikono yangu, na mikono yangu imekukosea nini? Muuza vocha alitoa kichwa nje ya kibanda chake kunitazama. Mama mmoja alimvuta mtoto wake pembeni. Sikujali. Nililia, nikafuta kamasi kwa mkono wa blauzi, nikaendelea kumchamba Mungu mpaka mlangoni kwangu, na niliposimama nikagundua kwamba tangu mume wangu aanguke sikuwa nimewahi kuongea naye muda mrefu hivyo.

Jumapili nilimvalisha mume wangu shati jeupe nikamweka kwenye kiti.

"Dada atakasirika," akasema.

"Akasirike. Zamu yake imefika."

"Unajua watanisimamisha."

"Unataka kusimama?"

Alifikiri. "Nataka kupona," akasema. "Kuanguka mbele ya watu sitaki."

"Basi utakaa."

Kanisa lilikuwa limejaa. Jeshi alikuwa amesimama mlangoni na wanawake wake, wote wamevaa sare, na alipoona magurudumu uso wake ulishuka kama turubai lililokatwa kamba. Lakini alijikaza. Alitufuata mpaka mbele, akachukua kipaza sauti kabla Mchungaji hajafungua mdomo. Mchungaji wetu ni kijana mwema, mwenye kasoro moja tu, kwamba anamwogopa Jeshi.

"Wapendwa," Jeshi akasema, "huyu ni mdogo wangu wa damu. Leo ni siku yake. Fundi, unaamini?"

Mikono mikubwa ya mume wangu ilikuwa imeshika magurudumu pande zote mbili.

"Naamini, dada," akasema. "Miguu ndiyo haijaamini bado."

Wengine walicheka, si kwa ubaya. Jeshi hakucheka.

"Simama kwa jina la Yesu."

"Dada."

"Simama, mdogo wangu!" Sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka. "Kuna mtu anakurudisha nyuma. Kuna mtu nyumbani kwako hajaamini, na Mungu anamwona!"

Nikasimama. Sikukumbuka kuinuka; nilijikuta tu nimefika mbele na kipaza sauti kiko mkononi mwangu, na Jeshi ananitazama mkono mtupu.

"Mtu mwenyewe ni mimi," nikasema. "Msihangaike kumtafuta."

Nilisikia pumzi za watu.

"Sijui kama mume wangu atatembea. Daktari hajui. Wifi yangu anasema anajua, lakini mimi sijui, na sitasimama hapa nimdanganye Mungu kwamba najua. Mmekitoa kiti chake. Mmemwacha mtu na mkojo wake kutwa mkasema yuko na Mungu. Wale watu wanne waliopasua paa wakamshusha mgonjwa kwa Yesu, walimshusha na godoro lake! Kuna mtu aliyemnyang'anya godoro njiani ili aonyeshe imani?"

Mchungaji alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na hicho kiti mlimpa bibi nyuma ya soko, kisha nikaenda nikamnyang'anya mimi. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Sasa hivi yuko kitandani anatazama ukuta. Mnaotaka kufunga, fungeni. Lakini mkimaliza mkamtafutie kiti, na mpaka kipatikane mkambebe mgongoni mumlete hapa, maana ana mengi ya kumwambia Mungu."

Nilidhani nimemaliza. Lakini lilibaki moja, nalo halikuwa la kwao.

"Wewe nawe," nikasema, na kila mtu alijua nilikuwa sisemi na Jeshi tena, "nimekukasirikia. Nimekukasirikia sana. Na siondoki. Ulidhani nitaondoka? Sina pa kwenda. Nitakuja hapa kila Jumapili nikuulize lilelile, mpaka unijibu au mpaka nife nije nikuulize uso kwa uso. Amina."

Sauti moja nyuma kabisa ikasema amina. Halafu ya pili. Nikamrudishia Mchungaji kipaza sauti chake, naye akakishika kama anashika kitu cha moto.

Niligeuka kumsukuma mume wangu turudi mahali petu, nikashindwa kupita, maana Jeshi alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti. Nilidhani anaanza maombi mengine, nikajiandaa. Lakini alikuwa ameshika mguu wa mume wangu uliokuwa umeteleza ukaning'inia, anaurudisha kwenye kikanyagio chake. Aliuweka, ukateleza. Akauweka tena, akaushikilia kwa mikono miwili. Sare yake ilikuwa imelowa kwapani.

"Wifi," akasema chini chini, nisikie mimi tu. Hakuinua kichwa. "Na asipopona?"

Nimemjua mwanamke huyu tangu nilipoolewa. Sijawahi kumsikia akiuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake tayari. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa kufunga. Alikuwa amefunga kweli, yule mwanamke, siku baada ya siku, tumbo tupu, akiwasuka watu kuanzia asubuhi, na kumbe lile neno "hatujui" lililolala kwangu lilikuwa limelala kwake pia, ila yeye hakuwa na mtu wa kumwambia. Nilitamani kumhurumia, na sehemu fulani yangu ilimhurumia. Sehemu nyingine ilikuwa bado inaona sakafu na ile nundu.

"Asipopona," nikamwambia, "tutakuja naye Jumapili ijayo akiwa hajapona. Shika upande huo tusukume."

Akainuka, akashika mpini mmoja, nami nikashika mwingine. Kwaya ikaanza ule wimbo wao wa mtu aliyepona, kwa kuwa hawakuwa wamejiandaa na mwingine. Mume wangu akaimba. Jeshi akaimba, analia. Mimi niliimba nimeuma meno, neno kwa neno, nikimtazama Mungu machoni.